Maneno ya nyimbo yanayosikika sivyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Napiga muziki harusini, Kigoma mjini na Ujiji, mara mojamoja Mwandiga. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuinamisha kichwa huku mtu ananiimbia kipande cha wimbo sikioni, ngoma ikiendelea, ili niutafute. Anachoniimbia mara nyingi sicho alichoimba mwimbaji. Maswali yaliyo hapa chini ni yale yanayorudi kila wikiendi: kwa akina mama wanaopika, kwa wapiga picha, kwa mashemeji waliokaa nami karibu na mashine mpaka usiku wa manane. Nimeyapanga kuanzia mepesi.

## Ya mwanzo

Kusikia wimbo sivyo maana yake nini hasa?

Ni pale sikio linapopokea sauti zilezile zilizoimbwa, au zinazokaribiana nazo sana, kisha likazipangia maneno mengine kabisa yenye maana yake.

Mfano wangu mkubwa niliupata Ujiji. Mama mmoja wa makamo, muuza dagaa wa Kibirizi, alinijia na kanga yake begani akaniambia, "Mwanangu, niwekee ule wa kupepea nzi." Nikamwamkia, nikamuuliza, "Upi huo, mama?" Akaimba: "Nipepee nzi, nipepee nzi, usiniache peke yangu." Nilisimama kidogo. Mwimbaji alikuwa anasema "nipe penzi". Itamke polepole: ni-pe-pe-nzi. Silabi ni zilezile, na kwa kuwa mwimbaji aliivuta ile "pe" ya pili, sauti ikawa "pee". Mama huyu amekaa miaka mingi mbele ya vichanja vya dagaa, mkononi ana kipande cha boksi, anafukuza nzi tangu jua linapochomoza. Kwake wimbo ule ulikuwa wa mtu aliyechoka kazi anayemwomba mwenzake amsaidie. Nao ulikuwa na mantiki! "Usiniache peke yangu" inakwenda sawasawa na nzi.

Kiingereza wana neno maalumu la jambo hili, "mondegreen". Lilibuniwa mwaka 1954 na mwandishi wa Marekani, Sylvia Wright, aliyeeleza kwamba utotoni alisikia mstari wa shairi la kale la Uskoti unaosema shujaa alilazwa majanini, yeye akasikia jina la mwanamke aliyeuawa pamoja naye. Sisi hatuna neno moja lililozoeleka. Ujiji wanasema tu "kauchapia", au "yeye ana wimbo wake".

Anayesikia sivyo ana masikio mabovu, au hajui Kiswahili?

Hapana, na swali hili huniuma kila ninapoulizwa kwa kucheka mtu. Mama wa Kibirizi anaongea Kiswahili, Kiha, na Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa anapouziana na Wakongo. Sikio halipokei maneno yaliyokwisha kukatwa. Linapokea mkondo mmoja wa sauti, kisha linaukata lenyewe kwa kutumia maneno linayokutana nayo kila siku. Mwenye nzi atasikia nzi. Asiyejua neno "nzi" asingeweza kukosea hivyo, kwa hiyo kosa lile lenyewe linaonyesha kwamba anaijua lugha.

Kuna tofauti gani kati ya kusikia sivyo na mchezo wa maneno?

Kusikia sivyo hufanywa na msikilizaji bila kukusudia. Mchezo wa maneno huwekwa na mtunzi kwa makusudi: neno moja lenye maana mbili, au sentensi inayoweza kukatwa mahali pawili, ili wewe usikie zote. Taarabu imejaa mambo hayo. Shida ni kwamba kwa nje vinafanana, na mara nyingine mtu hunishikilia kwamba mwimbaji alikusudia, kumbe ni spika tu. Namna ya kutambua nimeieleza kwenye swali la "ua langu" hapo chini.

## Kwa nini Kiswahili hukatika mahali pasipotarajiwa

Mbona kwenye mazungumzo hatusikii sivyo, ila kwenye nyimbo tu?

Kwa sababu ya mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na karibu kila silabi huishia na irabu. Maana yake hakuna kizingiti kati ya neno na neno. Ule mkazo ndio unaokuambia kwamba neno linaisha sasa hivi. Mtu akizungumza, mkazo uko mahali pake. Akiimba, mdundo ndio unaoamua wapi pakazwe, na ile alama inapotea.

Neno linaloteseka kuliko yote ni "nakukumbuka". Ndani yake mna "kuku" mzima. Binti wa dada yangu, alipokuwa na miaka minne, aliimba "na kuku mbuka, na kuku mbuka" siku nzima, jioni akaniuliza, "Mjomba, kuku mbuka ndiyo yupi? Yule mweupe?" Nilimchukua hadi uani tukawatazama kuku mmoja mmoja. Mpaka leo kwao kuna jogoo anaitwa Mbuka.

"Kipenzi changu" nayo hukatwa "kipe nzi changu". Neno hili "nzi" lina balaa lake.

"Barabara" ya kwenye wimbo ni njia au ni sawasawa?

Ukilizungumza, ukikaza "ba" ya pili ni njia, ukikaza "ra" ya kwanza ni sawasawa. Katika wimbo sikiliza kilicho jirani. Kama kuna kutembea, vumbi au gari, ni njia. Kama hakuna, huenda mtunzi ameacha zote mbili wazi, na hana kosa.

Nasikia watu wa Tabora ndio wanaobadilisha zaidi, kwa sababu ya L na R. Ni kweli?

Wanabadilisha kwa namna yao. Kinyamwezi hakitenganishi L na R kama Kiswahili, kwa hiyo mtu aliyekua nacho husikia sauti hizo mbili kama moja. Mama mkwe wangu ni wa Tabora, na kwake "mahari" na "mahali" ni neno moja lenye kazi mbili. Wimbo wa baba anayeuliza mahari iko wapi, yeye anausikia kama baba anayeuliza mahali pa kwenda. "Karamu" ni "kalamu". "Fahari" ni "fahali".

Lakini ngoja. "Fahari yangu" haiwezi kuwa fahali, kwa sababu fahali ni ng'ombe, na ng'ombe ni "wangu". Ile "ya" inafichua. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenifundisha hili, tukiwa tumekaa kwenye mkeka tunachambua mchele: "Baba, mimi R siisikii, lakini 'yangu' na 'wangu' naisikia." Tangu siku hiyo nasikiliza nyimbo kwa namna nyingine.

Ina maana upatanisho wa sarufi unaweza kumaliza ubishi? "Ua langu" je?

Mara nyingi unaumaliza. "Ua langu" ni la kwenye bustani. "Ua wangu" ni wa nyumba, penye mabati au makuti. "Paa langu" linavuja, "paa wangu" anakimbia porini. "Kaa langu" ni la moto, "kaa wangu" ni wa baharini. "Chungu changu" kiko jikoni, "chungu wangu" ni mdudu. "Taa yangu" inawaka, "taa wangu" ni samaki. Hata "mbuzi yangu" ni ya kukunia nazi, na "mbuzi wangu" anakula majani.

Sasa tazama mafundi wa mafumbo wanavyofanya. Wanachagua neno ambalo maana zake mbili ziko ngeli moja, ili sarufi isikusaidie. "Mto wangu": wa kulalia au wa maji? Vyote ni "wangu", vyote ni "mito". Au wanatumia vitenzi. "Panda" inaweza kuwa mbegu au mlima. "Ota" inaweza kuwa ndoto, jua au mche. Ukiona neno la namna hii limewekwa mwishoni mwa mstari, limerudiwa, na upatanisho haukati shauri, amini kwamba mtunzi alikaa akafikiri. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaouliza kama fulani alikusudia.

Ukumbini maneno hayasikiki kabisa, kwenye simu nyumbani yanasikika. Kwa nini?

Herufi kama S, F na SH zinaishi kwenye sauti nyembamba za juu. Besi ikifunguliwa sana na ukumbi ukiwa na mwangwi, hizo ndizo zinazomezwa kwanza, zinabaki irabu. Na irabu za Kiswahili ni tano tu, basi sikio linajaza lenyewe. Simu ndogo haina besi, kwa hiyo maneno yanajitokeza. Lakini ukimpigia mtu simu ukamwimbia, mambo yanaharibika upya: laini ya simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya herzi 300 na 3400 hivi, na sehemu kubwa ya S na F iko juu ya hapo. Usiniombe wimbo kwa kupiga simu. Nitumie ujumbe wa sauti, au njoo.

## Nyimbo za ng'ambo ya ziwa

Kwa nini Kigoma tunaimba nyimbo za Kilingala kwa Kiswahili kisichoeleweka?

Kwa sababu zimo ndani ya nyumba zetu. Ujiji ina Wamanyema ambao asili yao ni upande wa Kongo, ziwa tunachangia na Uvira na Kalemie, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu imepokea Wakongo tangu 1996. Rumba tumekua nayo. Ila watu wa mashariki ya Kongo tunaokutana nao sokoni wengi wanaongea Kiswahili, Kilingala tunakipata kwenye nyimbo tu. Tunakifahamu kwa sikio, hatukifahamu kwa maana. Tena ni lugha ya Kibantu kama yetu, kwa hiyo kila baada ya maneno mawili kuna moja linalofanana na letu, na wakati mwingine linafanana bure.

Nipe maneno ya Kilingala yanayotudanganya zaidi.

"Mwasi" ndilo la kwanza. Kwa Kilingala ni mwanamke, au mke. Kwetu mwasi ni mtu aliyeasi. Babu mmoja wa Gungu aliwahi kuniuliza, kwa uchungu wa kweli, kwa nini vijana wanacheza wimbo wa kumsifu mwasi wakati watu wamekimbia nyumba zao kwa ajili ya hao waasi. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akaniomba niupige tena. Safari hii aliusikiliza hadi mwisho.

"Mawa" ni huzuni, sisi tunasikia "maua". Hili ndilo linalonigusa kuliko yote, maana nyimbo kadhaa za msiba tunazipiga harusini tukidhani zinazungumzia bustani. "Mpasi" ni mateso, sisi tunasikia pasi ya kunyooshea nguo. "Mbongo" ni pesa, kwetu ni mtu wa Bongo. "Sala" inatoka kwenye kufanya, kwa hiyo mwimbaji anayesema "sala" huenda anamwambia mtu afanye kitu, si kwamba anasali. "Pema" ni kupumua au kupumzika, na sisi tumeizoea kwenye "mahali pema peponi". "Moto" huweza kuwa mtu. Kilingala kinatofautisha moto wa kuwaka na mtu kwa namna ya kutamka, kwa sababu ni lugha ya toni. Sikio la Kiswahili halishiki toni hizo.

"Lelo" usiogope, ni leo kweli. "Lobi" ni kesho, na pia ni jana. Mwimbaji akisema atakuona lobi, sikiliza sentensi nzima.

"Bana" kwenye hizo nyimbo ni "bwana" au ni nini?

Ni watoto, au vijana wa mahali fulani. Mwimbaji akitaja "bana" kisha jina la mji, anawasalimu watu wa huko. Hata Kiswahili cha Kongo kinasema "bana" kwa "wana" na "batu" kwa "watu". Kijana wetu anayesema "acha bana" anatumia neno jingine.

Na Kiha je? Wageni wanakisikia vipi?

Wanakigeuza Kiswahili kama sisi tunavyokigeuza Kilingala. "Imana" ni Mungu kwa Kiha, na wageni wakiingia kanisani wanaimba "imani". Bahati nzuri haiharibu ibada. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walipoungana kwa jina la Kigoma Allstars na kuweka Kiha kwenye jina la wimbo, "Leka Dutigite", nchi nzima iliimba maneno ambayo wengi wao hawakuyajua. Sisi huku tulijivuna. "Leka" ni "acha", na nilipata kusikia wageni wakiimba "lete", "leka tu", na mengine mengi.

## Mizaha ya makusudi

Vijana wanageuza nyimbo kwa kinyume. Inafanywaje?

Silabi ya mwisho inahamishiwa mbele. "Chakula" inakuwa "lachaku", "Kigoma" inakuwa "Makigo", "Tabora" inakuwa "Ratabo". Ni mchezo wa zamani wa watoto wa uswahilini. Utamu wake ni pale neno lililogeuzwa linapopata maana yake: "nipe" ikigeuzwa ni "peni". Kuna shairi zima la kuomba ambalo watoto wa Buzebazeba wanaliimba hivyo, na ukilisikiliza wanadai kalamu.

Harusini kuna wazee. Je, wimbo wenye mafumbo upigwe?

Upigwe, kwa wakati wake. Taarabu ya mafumbo ina faida hiyo kwamba mtoto anasikia embe, bibi anasikia jambo jingine, na wote wanacheka. Mimi huuliza kwanza kwa shangazi wa bibi harusi, kwa heshima, "Shangazi, huu niupige kabla au baada ya wazee kula?" Yeye ndiye anayejua nani amekaa wapi. Wimbo uliogeuzwa maneno yake waziwazi kuwa ya matusi siupigi, hata nikiongezewa pesa.

Mtoto wangu anaimba sivyo. Nimsahihishe?

Wimbo wa mchezo, mwache aimbe. Atajisahihisha siku atakapolijua neno. Kaswida, wimbo wa dini au wimbo wa taifa, msahihishe mapema na kwa upole, kwa kumwimbia polepole, si kwa kumcheka mbele ya wenzake. Mtoto aliyechekwa haachi kosa, anaacha kuimba. Rejea pia habari za kuku mbuka hapo juu.

## Yanayotatiza

Ninaukumbuka wimbo kwa maneno yasiyo sahihi. Nitaupataje?

Usinitajie maneno peke yake. Nipe mdundo kwa kugonga meza, niambie ni sauti ya kike au ya kiume, gitaa linaingia kabla au baada ya sauti, na uliusikia wapi mara ya kwanza. Kisha imba maneno yako kama unavyoyajua bila aibu. "Nipepee nzi" ilinitosha, kwa sababu irabu zake zilikuwa sahihi zote. Tafuta kwa irabu: ziandike zilivyo, i-e-e-i, halafu jaribu konsonanti nyingine.

Maneno yaliyoandikwa mtandaoni yanapingana na ninachosikia. Nani mkweli?

Mengi yameandikwa na wasikilizaji kama wewe, au na programu isiyojua lahaja zetu. Anza na mwimbaji mwenyewe au waliopiga naye. Kwa nyimbo za zamani za Tabora, enzi za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, kazi ni ngumu zaidi, maana nyingi tunazo kama nakala ya nakala ya kaseti. Hapo tafuta mzee aliyekuwa anacheza. Mguu wake utakumbuka maneno. Nimeona mzee aliyeshindwa kuyataja akiwa amekaa, aliposimama na kuanza kucheza yakamtoka yote.

Tunasikia tofauti, mimi na mume wangu, na sote tumesikiliza mara kumi. Tufanyeje?

Kusikiliza mara kumi kunaongeza ubishi, kwa sababu ukishasikia kitu sikio linakishikilia. Msubirini mtu wa tatu ambaye hajaambiwa lolote, mpigieni mara moja, na kila mmoja afunge mdomo.

Nikishaambiwa maneno sahihi, lazima niyatumie?

Mama wa Kibirizi nilimweleza kwamba mwimbaji anasema "nipe penzi". Alinitazama. Akauliza, "Una hakika?" Nikapunguza besi, nikamrudishia pale pale mara mbili. Akatikisa kichwa kwamba sasa anasikia. Kisha wenzake wakamwita, wakasimama duara katikati ya ukumbi, na kiitikio kilipofika wote sita wakainua ncha za kanga wakawa wanapepea.